Simu mbili zimejaza karatasi moja bila mtandao, zikikutana orodha ya mmoja inapotea yote. Naombeni msaada

karani_wa_mizani

Mbukwenyi wakuu. Nipo hapa Dodoma, natengeneza apu kwa ajili ya chama cha msingi cha wakulima wa zabibu na nimekwama. Nimesoma sana mpaka nimeingia kwenye makala za wanazuoni ambazo hazinisaidii kujua nibadilishe nini, kwa hiyo nimeona nilete hapa kwa wenye uzoefu.

Kazi iko hivi. Msimu ukifika wakulima wanaleta kreti kituoni, Hombolo kuna mizani na Mpunguzi kuna mizani, karani anapima anaingiza kwenye simu jina la mkulima, kilo na kipimo cha sukari, na huku mjini ofisini mhasibu anaona karatasi hiyohiyo kwenye laptopu. Juu ya karatasi kuna sehemu ya maelezo ya kawaida, hapo anaandika yeyote, mwenyekiti, karani, dereva akitaka, mambo kama gari limechelewa au kreti za fulani zipimwe upya. Nataka iwe kama zile dokumenti za kuandika pamoja, mwenzako akiandika unaona hapohapo. Ofisini mtandao upo muda wote ila vituoni unakuja na kuondoka, kuna wakati karani anafanya kazi nusu siku bila mtandao kabisa halafu akisogea barabarani simu inashika na kutuma vyote kwa mpigo.

Natumia Yjs, maktaba ya programu ya kuunganisha maandishi ya watu wengi, kwa sababu wanasema inavumilia oflaini, na kweli kwenye maelezo ya kawaida inafanya vizuri sana. Shida ni karatasi ya kilo. Kwanza kichwa cha fomu kinajirudia mara mbili, jina la chama mara mbili, tarehe mara mbili. Halafu kuna siku orodha yote ya Mpunguzi ilipotea ikabaki ya Hombolo peke yake, hakuna ujumbe wa kosa wala nini. Mkulima mmoja anatokea mara mbili kama watu wawili wamepanga majina upya kwa wakati mmoja, na jumla ya siku iliyoandikwa chini haiendani na ukijumlisha kwa kalkuleta.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba simu zote na laptopu zinaonyesha kitu kilekile kabisa, yaani zinafanana neno kwa neno, zinafanana kwenye makosa! Sasa hii ni bagi ya maktaba au nihamie kwenye ile njia nyingine ya OT (operational transformation, kugeuza maagizo) ambayo wakubwa wanatumia? Nani kashawahi kufanya kitu kama hiki?

nkuhungu_mjini

Mkuu kwa nini ujitese, si uwawekee Google Sheets tu, simu janja zote zinafungua na oflaini inakubali. Wakulima wanataka hela zao hawataki teknolojia mpya.

karani_wa_mizani

Nilianza hukohuko mkuu. Tatizo wote wanaandika kwenye mstari wa mwisho ulio wazi, sasa wawili wakiwa oflaini mstari wa mwisho ni uleule mmoja, mtandao ukirudi seli inabeba ya mmoja tu. Na mhasibu anataka mtu asiweze kufuta kilo za jana.

Fundi_AreaD

Karani, swali zuri sana na umeliweka vizuri, hilo la kufanana kwenye makosa ndiyo kiini chenyewe, ngoja nianzie chini kidogo ili uelewe kwa nini kuhamia OT hakutakuponya.

Shida ya kuandika pamoja ni kwamba kila mtu ana nakala yake na anaandika kabla hajaona alichoandika mwenzake. Chukua neno ZABIIBU, mtu kakosea kaweka I mbili. Hesabu nafasi kuanzia sifuri, Z ni 0, A ni 1, B ni 2, I ya kwanza ni 3. Juma wa Hombolo anafuta nafasi ya 3, kwake linakuwa ZABIBU, safi. Wakati huohuo Asha wa ofisini anaongeza M mwanzoni nafasi ya 0, kwake linakuwa MZABIIBU. Sasa agizo la Juma la "futa nafasi ya 3" likifika kwa Asha kama lilivyo, nafasi ya 3 kwake si I tena, ni B, anabaki na MZAIIBU. Agizo la Asha likifika kwa Juma anapata MZABIBU. Nakala mbili tayari hazifanani na hakuna aliyefanya kosa.

OT inatibu kwa kuligeuza agizo kabla ya kulitekeleza, inaona kwamba Asha kaongeza herufi moja kabla ya nafasi ya Juma kwa hiyo "futa 3" inakuwa "futa 4", wote wanaishia MZABIBU. Wazo hili ni la zamani, Ellis na Gibbs walilitoa 1989 kule Texas na kihariri chao cha GROVE. Kwa watu wawili linaonekana rahisi, lakini ukiweka watatu wanaotumiana moja kwa moja bila msimamizi, agizo linaweza kugeuzwa kwa njia mbili tofauti na matokeo yakatofautiana, na kanuni ya kwanza kabisa ya 1989 ilikuja kukutwa na tundu la aina hiyo. Kanuni kadhaa zilizoandikwa baadaye na watu makini kabisa nazo zilikutwa na matundu walipozipima kwa mashine ya kuhakiki hesabu. Kilichookoa ni mfumo wa Jupiter wa Xerox PARC mwaka 1995, wao waliweka seva moja katikati ambayo ndiyo inapanga nani katangulia, hapo kila simu inazungumza na seva tu, kwa hiyo siku zote ni suala la watu wawili. Google Wave ya 2009 ilifuata njia hiyo ya seva, na kihariri kipya cha Google Docs cha 2010 nacho ni OT.

Yjs ipo upande wa pili, CRDT, yaani data ambayo nakala zake zinaungana zenyewe bila kugombana. Huku hatutumii nafasi kabisa. Ni kama foleni ya daladala pale Sabasaba, ukisema "mwambie wa tatu apande" na mtu akaingia mbele, wa tatu anakuwa mtu mwingine, lakini ukimwita kwa jina hata foleni ikivurugika utampata yuleyule. Kila herufi inapewa jina lake la kudumu, namba ya simu iliyoiandika pamoja na namba ya mfululizo ndani ya simu hiyo. Juma hasemi futa nafasi ya 3, anasema futa herufi niliyoiandika mimi ya kumi na mbili. Asha anasema weka M kabla ya herufi fulani yenye jina fulani. Wawili wakiweka kitu sehemu ileile kwa pamoja kuna kanuni ya kuamua nani atangulie, na kwa sababu kila simu inatumia kanuni ileile haihitaji kumuuliza mtu. WOOT ya Wafaransa ilikuwa hivyo mwaka 2006, halafu 2011 Shapiro, Preguiça, Baquero na Zawirski wakaweka msingi wake wa kihesabu na jina hilo la CRDT likakaa.

Sasa sikiliza hapa. CRDT inaahidi kitu kimoja, kwamba waliopokea maandishi yaleyale, hata kwa mpangilio tofauti, hata yakija mara mbili, wataishia na nakala moja inayofanana. Haijui kilo ni nini. Haijui kwamba jumla lazima ilingane na mistari. Kwa hiyo maktaba yako inafanya kazi yake vizuri na bado karatasi yako ni mbovu. Hebu tuambie unaiundaje hiyo karatasi kwenye simu, hasa asubuhi karani anapoifungua mara ya kwanza.

karani_wa_mizani

Asante sana mkuu, huo mfano wa zabibu umenifungua kabisa, nilikuwa nasoma maneno ya OT bila kuona kinachogeuzwa ni nini.

Inavyofanya: karani akifungua apu asubuhi, kama karatasi ya siku haipo kwenye simu inaiunda, inaandika kichwa, halafu kwenye Y.Map (kamusi ya Yjs, kila ufunguo na kitu chake) inaweka ufunguo "mizani" wenye orodha tupu ndani yake, na kila akipima inasukuma mstari kwenye orodha hiyo. Jumla iko kwenye ufunguo "jumla", inasoma iliyopo inaongeza kilo mpya inaandika tena. Kupanga majina ni kufuta mstari na kuuweka sehemu nyingine.

binti_kondoa

Basi vyote vinne vina maelezo, na nafurahi umetaja hilo la orodha tupu kwa sababu hapo ndipo ya Mpunguzi ilipoenda.

Simu ya Hombolo ikiwa oflaini imeunda orodha yake chini ya ufunguo "mizani". Simu ya Mpunguzi nayo oflaini imeunda orodha yake chini ya ufunguo huohuo. Wewe unaona ni orodha moja kwa sababu jina ni moja, lakini kwa Yjs hizo ni vitu viwili tofauti vilivyoundwa na watu wawili, na ufunguo wa Y.Map unashika kitu kimoja tu. Zikikutana inachagua kimoja kwa kanuni yake na cha pili kinaondoka na kila kilichokuwa ndani, kilo za asubuhi nzima. Wala haioni kama ni kosa, kwake ni sawa na watu wawili wamebadilisha rangi ya kitufe, mmoja lazima ashinde.

Dawa yake ni orodha isiundwe na simu chini ya ufunguo. Vitu vya juu kabisa kwenye dokumenti, ile doc.getArray na doc.getMap, vinatambulika kwa jina lake, simu mbili zikiita jina lilelile hata hazijawahi kuonana zinapata kitu kimoja na yaliyomo yanaungana. Au acha dokumenti ya siku iundwe na seva mara moja tu, simu ziichukue ikiwa tayari imeundwa.

Kichwa kujirudia ni ndugu wa tatizo hilohilo. Kila simu imeandika "Chama cha Msingi" kama maandishi mapya, herufi za Hombolo zina majina ya Hombolo, za Mpunguzi zina majina ya Mpunguzi, CRDT itajuaje kama mlimaanisha kitu kimoja? Inahifadhi zote, maana imekatazwa kupoteza alichoandika mtu. Kichwa kisiwe sehemu ya dokumenti kabisa, kichore kwenye skrini kutoka kwenye mipangilio ya apu.

Mstari kujirudia: Yjs haina agizo la kuhamisha, ukifuta hapa na kuweka pale, na mwenzako akafanya hivyohivyo, kufuta kunaungana kunakuwa kumoja lakini kuweka ni kuwili. Usihamishe mistari. Panga wakati wa kuonyesha, kila mtu apange skrini yake apendavyo bila kugusa data.

Na jumla, hiyo usiihifadhi popote. Hombolo kasoma 400 akaongeza 60 akaandika 460, Mpunguzi kasoma 400 akaongeza 85 akaandika 485, ikishinda 485 basi 60 za mtu zimeyeyuka. Kila kifaa kijumlishe chenyewe kutoka kwenye mistari. Kuna CRDT za kuhesabia ambapo kila simu inatunza hesabu yake peke yake na jumla ni ya zote, ila kwako mistari yenyewe inatosha, mistari mia kadhaa simu yoyote inajumlisha bila hata kuhisi.

nkuhungu_mjini

aisee kumbe. mimi nilijua hizi apu zikikosea ni mtandao tu

mhasibu_makole

Habari za humu. Mimi si mtu wa programu, nafanya hesabu za vyama vya ushirika na nimesoma huu mjadala wote kwa sababu haya ndiyo yanayoniletea mimi ugomvi mwisho wa msimu, mkulima anakuja na karatasi yake mkononi na kitabu changu kinasema kitu kingine.

Nimefurahi binti kusema jumla isihifadhiwe, sisi pia leja haifutwi. Karani akikosea kilo, haendi kubadilisha ule mstari, anaweka mstari mwingine wa kurekebisha wenye namba ya ule wa kwanza na sababu na jina lake. Mkifanya hivyo hata watu wawili wakirekebisha kosa lilelile kwa pamoja mimi nitaiona mistari miwili nitauliza, kuliko mmoja amfute mwenzake kimyakimya nisijue kulikuwa na nini.

Sasa swali langu, namba ya risiti mnaipata wapi? Maana kama simu inaangalia namba ya mwisho na kuongeza moja, vituo viwili bila mtandao vitatoa risiti mbili zenye namba moja, na mkaguzi akiona hivyo hatasikiliza habari za algorithimu. Kwenye makaratasi kila kituo kina kitabu chake chenye namba zilizochapwa kabisa kiwandani, Hombolo haiwezi kutoa namba ya Mpunguzi hata ikitaka.

Na malipo. Naomba malipo yasifanyike oflaini hata kidogo. Mkulima anaweza kwenda kituo cha kwanza akaonekana hajalipwa akalipwa, akapanda bodaboda kituo cha pili akaonekana hajalipwa akalipwa tena.

Fundi_AreaD

Dada mhasibu umegusa penyewe, na watu wa programu wengi hawalioni hili mpaka hela ipotee.

Karani, hebu ligawe hivi kichwani mwako. Kuna mambo ambayo kuongeza tu kunatosha, kila mtu aongeze chake na vikikutana viungane, hapo CRDT ni nzuri ajabu na oflaini haina shida. Kupima kilo kupo hapa. Maelezo ya kawaida yapo hapa. Halafu kuna mambo yenye sharti, namba isijirudie, mtu asilipwe mara mbili, salio lisishuke chini ya sifuri, na sharti la namna hiyo haliwezi kulindwa na simu isiyojua mwenzake anafanya nini, hakuna maktaba duniani itakayokupa hilo, si OT si CRDT. Simu mbili zikilipa bila kujuana, baadaye zitaungana vizuri kabisa na zote zitakubaliana kwamba mkulima amelipwa mara mbili.

Namba ya risiti unaitoa kwenye sharti kwa njia ya dada, kila simu ipewe kitabu chake, HOM-A na mfululizo wake, MPU-B na mfululizo wake, hapo hakuna kugongana na hakuna haja ya kuuliza seva. Ila malipo yaende kwenye seva yenye databesi ya kawaida, muamala mmoja, mkulima huyu msimu huu kalipwa au bado, seva inafunga mstari inaangalia inalipa inafungua. Hakuna mtandao hakuna malipo. Mkulima apewe risiti ya kilo pale kituoni, hela aifuate penye mtandao au itumwe kwenye simu yake na ofisi.

Halafu saa. Usitumie saa ya simu kuamua nani katangulia, karani mmoja simu yake iko mbele masaa mawili na atashinda siku zote. Mwanasayansi wa kompyuta Lamport alishaonyesha tangu 1978 kwamba kwa mpangilio wa matukio unachohitaji ni namba ya mfululizo inayopanda kwa kila tukio, na ukipokea ujumbe inaruka kupita namba iliyokuja nao, si saa ya ukutani. Yjs haitumii saa ya simu kuunganisha, ila wewe kwenye mistari yako utaweka muda wa kupima, sasa weka wa simu na weka na muda ambao seva ilipokea, ukiona vimeachana sana mhasibu ajue.

seva_kwanza

Mimi nitapinga kidogo hapa, sio kila kitu ni CRDT. Tunajenga mifumo hapahapa mjini ambayo watu wako ofisini na nyaya zipo, huko kubeba majina ya kila herufi ni mzigo wa bure. Figma, wale wa apu ya kuchora pamoja, walieleza 2019 kwamba hawakuchukua CRDT kamili wala OT, wana seva inayoamua, kila sifa ya kila kitu kwenye mchoro anayefika mwisho kwenye seva ndiye anashinda, na mpangilio wanautunza kwa namba zinazokaa katikati ya namba mbili ili kuhamisha kitu kuwe ni kubadilisha namba moja tu. Rahisi, inaeleweka, na ukipata bagi unajua pa kuitafuta. Kwa karatasi ya kilo mimi ningeweka seva, simu zinatunza foleni ya maingizo zikipata mtandao zinatuma, kila ingizo na kitambulisho chake ili likitumwa mara mbili lihesabiwe moja. Mbona Yjs haihitajiki hapo?

binti_kondoa

Kaka seva_kwanza upo sahihi kwenye kilo, maingizo yasiyobadilika yenye vitambulisho tayari ni CRDT kwa tabia hata ukiyaweka kwenye jedwali la kawaida, ni seti inayokua tu. Nakubaliana hata asiipitishe Yjs.

Lakini kwenye maelezo siachi. Karani anaandika aya nzima akiwa oflaini, mwenyekiti naye kaandika hapohapo, ukisema wa mwisho anashinda aya ya mmoja imekwenda. Na hata kwenye CRDT za maandishi si zote sawa, kuna nyingine kama Logoot ambazo wawili wakiandika sehemu moja kwa pamoja herufi zao zinaweza kuchanganyikana, unapata sentensi isiyosomeka, nakala zote zinafanana na zote hazisomeki. Yjs kwa mtu anayeandika kawaida kwenda mbele inaweka aya nzima ya mmoja halafu aya nzima ya mwingine, binadamu anasoma anarekebisha. Huyu bwana watu wake wapo Mpunguzi chini ya mwembe, hawapo ofisini kwenye nyaya.

seva_kwanza

Sawa hapo nimekuelewa. Maelezo Yjs, kilo foleni na seva, malipo seva peke yake. Hiyo naikubali.

karani_wa_mizani

Wakuu nimeangalia programu na ndivyo ilivyo kama binti alivyosema, simu zinaunda orodha zao chini ya ufunguo mmoja. Nahamisha kilo kwenye maingizo yenye vitambulisho, risiti kwa vitabu vya kila simu, malipo nayatoa kabisa kwenye simu za vituoni, dada mhasibu asante sana hilo la malipo lingenikuta katikati ya msimu.

Mawili yamebaki. Maelezo yakiandikwa na kufutwa msimu mzima dokumenti si itajaa, maana nasikia herufi ikifutwa haifutiki kweli? Makarani wanatumia bando lao wenyewe, sitaki simu ipakue mzigo mkubwa kila asubuhi. Na nitajuaje kwamba sasa iko sawa kabla sijawapelekea?

Fundi_AreaD

Ni kweli herufi iliyofutwa inabaki na alama yake, kwa sababu kuna simu inaweza kuwa bado inasema "weka hiki baada ya herufi ile" na lazima ile iwepo ijulikane ilikuwa wapi. Ila Yjs inatupa yaliyomo na kubakiza alama tu, na alama zinazofuatana inazikunja kuwa moja, kwa hiyo maelezo ya chama hayatakusumbua. Fungua dokumenti mpya kila siku badala ya moja ya msimu mzima na hiyo hofu inaisha kabisa.

Bando pia usiogope, simu ikirudi mtandaoni haipakui dokumenti yote. Inatuma orodha fupi ya kusema kutoka kwa kila mwandishi nimefikia namba fulani, seva inarudisha yaliyopungua tu, na simu inafanya hivyo hivyo kwa seva. Sehemu ya kuonyesha kursa ya nani iko wapi inapita njia yake pembeni na haihifadhiwi, izime kabisa kwenye simu za vituoni maana inatuma kila mtu akisogeza kidole.

Kitu kimoja cha kuangalia sana, kama apu yako inakaa ndani ya brauza, hifadhi ya brauza si ya kudumu mpaka uombe iwe ya kudumu, simu ikijaa picha brauza inaruhusiwa kufuta data yako, na data hiyo ni kilo za mtu ambazo hazijatumwa. Omba hifadhi ya kudumu, na kwenye skrini onyesha kwa maandishi makubwa maingizo mangapi hayajafika seva, karani asiondoke kituoni bila kujua.

binti_kondoa

Kupima: usijaribu kwa simu mbili mezani peke yake, utaona inafanya kazi tu kwa sababu unajaribu kwa utaratibu. Andika programu ndogo yenye simu za kubuni tatu au nne ndani ya kompyuta moja, zipe maagizo ya bahati nasibu, pima, rekebisha, andika, futa, zikate mtandao ovyo, ujumbe ufike kwa mpangilio uliovurugwa na mwingine ufike mara mbili. Mwisho unganisha zote. Usiishie kuangalia kama zinafanana, hata ile yako ya kwanza ingefaulu hapo. Tunza pembeni daftari la kila kilo iliyopimwa kwenye jaribio, halafu uliza maswali ya mhasibu, jumla ya mistari ni sawa na daftari? Kuna risiti mbili zenye namba moja? Kuna ingizo lililopimwa ambalo halipo? Likishindwa, hifadhi ile namba ya kuanzishia bahati nasibu ili ulirudie vilevile mpaka ulione.

Na angalia kitambulisho cha simu ndani ya Yjs, inajitengenezea yenyewe kila ukifungua, usikiandike kwa mkono wala kukinakili. Simu mbili zenye kitambulisho kimoja zitatoa majina yanayofanana kwa herufi tofauti na hapo nakala zenyewe zinaharibika. Watu huwa wanakiweka kisibadilike ili wajue karani yupi kaandika nini, jina la karani liweke kwenye ingizo lenyewe.

mhasibu_makole

Na kwenye hilo jaribio ongezeni karani aliyekosea jina la mkulima, maana majina yanafanana sana huku kwetu, kijiji kimoja unaweza kukuta watatu wenye jina moja na baba tofauti. Tumieni namba ya uanachama, jina liwe la kusomea tu.

karani_wa_mizani

Nimeyapokea yote, namba ya uanachama ipo kwenye kadi zao nitaiweka. Naanza na hilo jaribio la simu za kubuni leo usiku, nikipata ingizo linalopotea nitaleta hapa maagizo yenyewe mlione.